Jino Linalolegea Si Lazima Ling'olewe: Kusafisha Fizi kwa Kina na Safari ya Mgonjwa wa Kerende

Kerende iko katika eneo la Nyamongo, wilayani Tarime, upande wa kaskazini wa Mto Mara; ng'ambo ya mto huo ni Wilaya ya Serengeti. Ni nchi ya wakulima na wafugaji wa Kikurya ambayo, tangu Mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, imepokea pia wachimbaji, wafanyabiashara na vibarua kutoka pande nyingi. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, habari ya meno huanza kuzungumzwa siku jino linapouma na huisha siku linapong'olewa. Kabla ya siku hiyo hupita miaka mingi ambayo fizi zilikuwa zikitoa damu kila asubuhi, harufu ya kinywa ikibadilika, na meno yakianza kucheza taratibu, bila mwenyewe kuona sababu ya kwenda zahanati.

Miaka hiyo ya ukimya ndiyo miaka ya tiba. Ugonjwa wa fizi unaogunduliwa mapema huweza kuzuiwa kwa kusafisha meno na mizizi yake kwa kina, kazi inayofanyika kwa vyombo vya mkono visivyohitaji umeme. Jino ambalo mgonjwa amekwisha kulikatia tamaa mara nyingi huweza kukaa kinywani miaka mingine mingi likitafuna ugali na nyama kama kawaida. Kinachopungua ni ujuzi wa kuutambua ugonjwa huo, na subira ya kuutibu.

Ugonjwa usiouma

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya hali ya afya ya kinywa iliyotolewa mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba zaidi ya watu bilioni moja kati yao wana ugonjwa mkali wa fizi. Idadi hiyo ni kubwa, lakini ugonjwa wenyewe hauna kelele. Jino lililotoboka huuma usiku na kumkosesha mtu usingizi. Ufizi unaooza polepole hauumi, au huuma kidogo na kuacha, hata mgonjwa akaamini kuwa amepona.

Chanzo chake ni ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Ukoga usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa ugaga, ambao ni mgumu kama jiwe na hauondoki kwa mswaki wala kwa kijiti. Ugaga wenyewe si sumu, bali uso wake wenye mikwaruzo huwa maskani ya ukoga mpya, na kila siku inayopita bakteria hukaribia zaidi shina la jino.

Uhusiano kati ya ukoga na fizi ulithibitishwa na Harald Löe na wenzake huko Denmark mwaka 1965. Watu 12 wenye fizi zenye afya waliacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walipata uvimbe wa fizi, na waliporudia kusafisha meno uvimbe huo uliondoka. Hatua hii ya kwanza, ambayo fizi huwa nyekundu, zimevimba na kutoa damu, hutibika kabisa bila kuacha kovu.

Hatua ya pili ndiyo yenye hasara. Kwa baadhi ya watu uvimbe huvuka mpaka wa ufizi na kushuka kwenye nyuzi na mfupa unaoshikilia jino. Ufizi huachana na jino na kufanya mfuko, bakteria hujificha ndani ya mfuko huo, na mwili katika kupambana nao hula mfupa wake wenyewe. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi. Jino hubaki kama mti ambao mvua imechukua udongo wa mizizi yake: bado limesimama, lakini linayumba.

Nani yuko hatarini zaidi

Si kila mwenye ugaga atapoteza meno. Mwaka 1970 Löe na wenzake walianza kuwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu ambao hawakuwa wakipiga mswaki wala kupata huduma yoyote ya meno. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1986 yalionyesha kuwa asilimia 8 walikuwa na ugonjwa uliokwenda kwa kasi kubwa, asilimia 81 ulikwenda kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 haukuvuka uvimbe wa fizi. Wote waliishi maisha yaliyofanana, lakini miili yao haikupokea maradhi kwa namna moja.

Mwaka huohuo wa 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha utafiti wao juu ya watu wazima wa Tanzania. Waliona ukoga na ugaga karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa wachache. Funzo lake kwa mhudumu wa afya ni kwamba haitoshi kumwambia kila mgonjwa kuwa meno yake ni machafu. Kazi ni kuwatafuta wale wachache ambao mfupa wao unaliwa, na kuwafikisha kwenye tiba kabla ya wengine.

Wapo wanaojulikana mapema. Wavuta tumbaku wamo hatarini zaidi, na tiba huwafaa kwa kiasi kidogo kuliko wasiovuta. Tena moshi hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi, hivyo mvutaji hukosa hata ile dalili ya kumwonya. Ugoro unaowekwa mdomoni nao huchoma na kurudisha nyuma ufizi wa mahali unapowekwa. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye kinga dhaifu, na wale ambao wazazi wao walipoteza meno wakiwa bado vijana, wote wanastahili kuangaliwa kwa makini.

Kusafisha kwa kina ni kufanya nini

Kazi huanza kwa kupima. Daktari wa meno au tabibu wa meno huingiza kwa upole kati ya jino na ufizi kipimo chembamba chenye alama za milimita. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kuanzia milimita 4, hasa kama panatoka damu, panahitaji kuangaliwa. Penye milimita 6 au zaidi, jino liko katika hatari ya kweli. Kila jino hupimwa pande zake zote, kwa kuwa mfuko unaweza kuwa upande mmoja tu na pande nyingine zikawa nzima. Mahali penye eksirei, picha huonyesha kiasi cha mfupa uliobaki.

Baada ya kupima, mgonjwa hufundishwa kusafisha meno yake mwenyewe. Hatua hii si maneno ya kupitisha muda. Kusafishwa na daktari bila kubadili usafi wa nyumbani ni sawa na kufagia uwanja huku upepo ukileta majani; katika majuma machache ukoga hurudi palepale.

Kisha hufuata usafishaji wenyewe. Ugaga ulio juu ya ufizi huondolewa kwanza, ambao mgonjwa anaweza kuuona kwenye kioo. Halafu mgonjwa hupigwa ganzi, na mtaalamu hushuka ndani ya mfuko kwa chombo chembamba chenye ncha iliyopinda, akikwangua ugaga mweusi ulioganda kwenye mzizi hadi uso wa mzizi uwe laini. Macho hayaoni huko ndani. Vidole ndivyo vinavyosikia tofauti kati ya mzizi uliokwaruza na uliosafika. Kazi hiyo huweza pia kufanywa kwa mashine yenye ncha inayotetema na kutoa maji. Mashine humpunguzia mtaalamu uchovu na hufupisha muda, lakini vyombo vya mkono, vikinolewa vizuri na kutakaswa kwa mvuke kila baada ya mgonjwa, hutoa matokeo yanayokaribiana. Kwa hiyo kukatika kwa umeme si sababu ya kutosha ya kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Fizi zilizosafishwa hazihitaji antibayotiki kwa kila mtu. Bakteria walio ndani ya mfuko hujikinga chini ya utando wao, na dawa ya kumeza peke yake haiwafikii ipasavyo. Mgonjwa anayepewa metronidazoli kila fizi zinapovimba, bila ugaga kuondolewa, hupata nafuu ya siku chache, na bakteria hupata nafasi ya kujifunza usugu. Dawa hizo zina mahali pake, kama vile penye usaha unaoenea, homa, au ugonjwa mkali wa kasi kwa kijana, lakini si mbadala wa kukwangua.

Baada ya majuma manane hadi kumi na mbili mgonjwa hupimwa tena. Mifuko mingi huwa imepungua kina, damu imekoma, na meno yaliyokuwa yakicheza kidogo yamekaza. Mfuko uliobaki na kina cha milimita 6 au zaidi unaweza kusafishwa tena au kuhitaji upasuaji wa fizi, jambo ambalo hufanyika katika hospitali kubwa.

Hofu tatu za mgonjwa

Hofu ya kwanza ni kwamba kusafishwa hulegeza meno. Inatokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao. Ugaga mwingi huyafunga meno yaliyolegea yakawa kama yamegandishwa pamoja. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwapo hudhihirika. Mgonjwa akielezwa hivyo kabla ya kazi kuanza, hatashtuka. Asipoelezwa, atarudi kijijini na kuwaonya wengine wasiende.

Hofu ya pili ni mianya. Fizi zilizovimba huficha nafasi kati ya meno. Uvimbe ukishuka, nafasi huonekana na shina la jino hubaki wazi. Maji baridi huweza kusisimua meno kwa majuma kadhaa. Huko si kuharibika kwa jino. Ni ufizi kurudi kwenye kimo chake halisi, na msisimko huo kwa kawaida hupungua wenyewe, hasa kwa anayetumia dawa ya meno yenye floraidi.

Hofu ya tatu ni damu. Watu wengi huacha kupiga mswaki pale wanapoona damu, wakidhani mswaki unawajeruhi. Kumbe damu ni ishara ya uvimbe, na mahali panapotoka damu ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Baada ya kusafishwa kwa kina damu kidogo huweza kutoka kwa siku moja au mbili. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa vali za moyo, amjulishe mtaalamu kabla ya kazi kuanza.

Nauli na thamani ya jino

Kwa mgonjwa wa Kerende, kikwazo kikubwa zaidi ni safari. Kung'oa jino ni safari moja. Kusafisha kwa kina, kama kunavyofanywa na wengi, ni robo moja ya kinywa kwa kila ziara, yaani safari nne, kisha safari ya tano ya kupimwa tena. Kila safari ni nauli ya bodaboda au gari, na siku moja ya kibarua iliyopotea. Mgonjwa akipiga hesabu hiyo huona kuwa kung'oa ndiko kwenye nafuu, na kwa hesabu ya siku hiyo hakosei.

Lakini hesabu ya miaka ni nyingine. Jino la nyuma likiondoka, kazi yake huhamia kwa meno yaliyobaki, ambayo nayo yana ugonjwa uleule usiotibiwa. Meno jirani huinama kuelekea pengo, chakula hukwama, na jino la pili hufuata la kwanza. Anayeng'oa jino moja kila baada ya miaka michache hulipa nauli ileile mara nyingi, na mwishoni hubaki na kinywa kisichoweza kutafuna nyama wala mahindi ya kuchoma.

Hapo ndipo utafiti unapoweza kumsaidia mtu aliye mbali. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Cochrane yamelinganisha kusafisha kinywa chote katika muda wa saa 24 na kusafisha robo kwa robo kwa majuma kadhaa, na hayakuona tofauti ya maana katika matokeo. Kwa hiyo mgonjwa aliyetoka mbali, akiwa na afya ya kustahimili kazi ndefu, anaweza kumalizwa kwa siku moja au mbili zinazofuatana. Kinachohitajika ni mtaalamu kuuliza mgonjwa ametoka wapi kabla ya kumpangia tarehe, na timu ya huduma za mkoba inayofika vijijini kubeba vyombo vya kukwangulia pamoja na koleo za kung'olea. Timu inayobeba koleo tu itang'oa tu.

Sukari na ujauzito

Kinywa hakijitengi na mwili. Kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari kuwa ngumu kudhibiti. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi, kipimo chao cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa nukta 0.43 za asilimia katika miezi mitatu hadi minne. Si punguzo kubwa la kuacha dawa, lakini ni faida ya kweli. Kliniki ya kisukari imwulize kila mgonjwa kuhusu fizi zake, na anayetibu fizi zinazovimba mara kwa mara ampime mgonjwa sukari.

Mama mjamzito hupata uvimbe wa fizi kwa urahisi zaidi kutokana na mabadiliko ya homoni. Usafishaji wa meno ni salama katika ujauzito, na miezi mitatu ya kati ndiyo yenye nafuu zaidi kwake. Mhudumu wa kliniki ya wajawazito anaweza kuangalia fizi kwa dakika moja, na kumwondolea mama dhana kwamba kila mimba lazima iondoke na jino.

Zahanati isiyo na kiti cha meno

Zahanati nyingi hazina tabibu wa meno, lakini hazikosi tochi na macho. Muuguzi au mganga aliyeko zamu anaweza kuuliza maswali manne: Je, fizi hutoa damu unapopiga mswaki? Je, kuna jino linalocheza? Je, meno yameanza kuachana au kurefuka? Je, unavuta tumbaku au una kisukari? Jibu la ndiyo kwa swali la pili au la tatu, kwa mtu ambaye hajapigwa wala kuanguka, linatosha kumwandikia rufaa kwenda mahali penye huduma ya kinywa na meno. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuuliza maswali hayohayo wanapopita katika kaya.

Mwenye uvimbe wa uso au shingo, homa, au asiyeweza kufungua kinywa au kumeza, asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili nacho kinataka uchunguzi.

Yupo mgonjwa mmoja ambaye watu wa Mara hawapaswi kumkosea. Ni mtoto ambaye meno yake ya nyuma yanalegea na taya linavimba upesi. Huyo hana ugonjwa wa fizi wa kawaida. Huenda ana saratani ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, na ambayo hutokea zaidi penye malaria nyingi. Eneo hili lina historia nayo: kati ya mwaka 1977 na 1982, katika iliyokuwa Wilaya ya Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini katika utafiti wa kuchunguza kama kuzuia malaria kutapunguza saratani hiyo. Uvimbe huo hukua kwa kasi ajabu, lakini huitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Kumng'oa mtoto huyo meno ni kupoteza siku ambazo hana. Rufaa yake ni ya haraka, hadi hospitali yenye huduma za saratani kama Bugando, Mwanza.

Kazi inayobaki nyumbani

Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, ncha za nywele zake zikielekezwa penye mpaka wa jino na ufizi. Wa usiku usiachwe. Anayetumia mswaki wa mti asidharauliwe wala asiuache, kwani hufanya kazi vizuri ukitafunwa hadi uwe na nyuzi laini na kupitishwa pande zote, hata upande wa ndani wa meno, ambao wengi huusahau. Mkaa na mchanga visitumike, kwa kuwa hukwangua jino lenyewe. Mwenye mianya kati ya meno ahitaji uzi au kibrashi kidogo cha kupitisha humo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza fizi, lakini hayaondoi ugaga.

Aliyesafishwa kwa kina arudi kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika mwaka wa kwanza, na baadaye kama atakavyoelekezwa. Ugonjwa huu, kama shinikizo la damu, hudhibitiwa, hauagwi. Asiyeweza kurudi mara zote, arudi walau mara moja kwa mwaka, na aulize swali moja kabla ya kukubali koleo: jino hili limebakiwa na mfupa kiasi gani? Mtaalamu anao wajibu wa kupima, kisha kujibu.